Paka wa Baba

Mtaani walimwita Mama Dawa, na yeye mwenyewe alilipenda jina hilo kuliko lile alilopewa na wazazi. Duka lake la dawa lilikuwa na kidirisha chenye nondo, na kupitia hapo alikuwa ameziona ngozi za kila namna: migongo iliyofunuliwa haraka haraka, shingo zilizochubuliwa na mikufu ya bandia, mapaja ya watoto waliopakatwa, na siku hizi picha za simu zilizopigwa kwa mkono unaotetemeka. Hakuwa na haja ya maswali mengi. Mgonjwa hajamaliza kusema "inawasha," tyubu imeshatua kaunta. Na tuseme haki, mara nyingi alipatia. Balaa la kupatia mara nyingi ni kwamba mtu husahau kuwa kuna mara nyingine.

Baba yake, fundi saa mstaafu, alihamia kwake baada ya mama kufariki. Alikuja na sanduku moja, redio yenye antena iliyofungwa kwa waya, na paka. Paka mwenyewe alikuwa dume la kijivu, sikio moja limeliwa nusu katika ugomvi wa zamani, na kuanzia kiunoni hadi mkiani manyoya yamekatika, pamebaki vipele na magamba ambayo ukipitisha kidole ni kama unapapasa mchanga. Jina lake Jirani, maana ndiko alikotoka: alihama kwa jirani siku alipoonja mabaki ya sahani ya mama, na hakurudi tena. Mama alipozikwa, Jirani alilala juu ya nguo zake ambazo hazikuwa zimefuliwa, na mzee hakuwa na moyo wa kumtoa. Naye angelala hapo hapo kama angeenea.

Nyumbani kwa Mama Dawa kulikuwa na paka mwingine, ingawa kumwita paka ni kumvunjia heshima. Bibi Harusi alikuwa mweupe, manyoya marefu yanaburura sakafuni, zawadi ya mume wa Mama Dawa, dereva wa malori ya masafa marefu aliyejua kwamba anayekawia kurudi asirudi mikono mitupu. Binti yao mdogo alilala na paka huyo mto mmoja. Wageni walipiga naye picha. Yule Jirani walimpigia kelele tu, "Toka!"

Na Mama Dawa, moyoni, alikuwa anaona haya. Si kwa ajili ya paka tu. Aliona haya kwa redio ile, kwa kikohozi cha mzee wageni wakiwapo, kwa tabia yake ya kukaa kizingitini akimchana Jirani kwa kitana kibovu huku akimsimulia habari za dunia. Haya hiyo hakuitamka hata siku moja, na kitu usichokitamka hutafuta chenyewe pa kutokea.

Kilipata pa kutokea asubuhi moja alipokuwa anamchana binti yake nywele. Nyuma ya kichwa aliona duara, upana wa kizibo cha soda, nywele zimekatikia chini na ngozi imetoa unga mweupe. "Mapunye," alisema, na hapo alipatia. Kisha akageuza shingo, akamwona Jirani kizingitini akijikuna kwa mguu wa nyuma mpaka mlango unagongagonga. Hapo akakosea, ingawa hakuhisi tofauti yoyote kati ya kupatia kule na kukosea huku.

"Baba, huyu paka wako amemwambukiza mtoto."

"Inawezekana," mzee akajibu. Hakuwa mbishi. "Ndiyo maana nimeshaongea na daktari wa mifugo. Atapita Jumamosi. Tusubiri amwone."

"Aone nini tena? Mimi ngozi naziona kila siku ya Mungu."

"Za watu, mama."

"Ngozi ni ngozi, Baba."

Mzee alicheka kidogo. "Na saa ni saa. Lakini sijatengeneza hata moja bila kuifungua kwanza."

Maneno hayo yalimkera, labda kwa sababu yalikuwa ya kweli. Ijumaa, mzee alipojilaza baada ya chakula cha mchana, Mama Dawa alimtia Jirani katika katoni iliyokuwa ya chupa za dripu, akapanda pikipiki ya kukodi hadi soko la nafaka, upande wa pili wa mji. Penye nafaka pana panya, alijiambia, hatakufa njaa. Alifungua katoni nyuma ya maghala, akaondoka bila kugeuka, akawa nyumbani kabla mzee hajaamka. Alipoulizwa jioni alisema, "Paka dume huyo, Baba. Atakuwa ametoka kutembea." Uongo ulitoka laini mno, ukamshangaza hata mwenyewe.

Jumamosi daktari alifika kama alivyoahidi, maana katika hekaheka zile hakuna aliyekumbuka kumzuia. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye buti za mpira na sauti ya mtu aliyezoea kuongea na ng'ombe. Mzee alimpokea kwa aibu.

"Nimekusumbua bure, daktari. Mgonjwa katoroka."

"Lini?"

"Jana."

"Ajabu. Mnyama anayewashwa hivyo huwa hana hamu ya safari."

Mama Dawa aliingia jikoni kubandika chai ambayo hakuna aliyeiomba. Kutoka huko akamsikia daktari akiuliza, "Na huyu mrembo je?"

"Huyo mzima!" akaitikia kwa sauti. "Si unamwona alivyo?"

"Namwona. Lakini ngozi, dada yangu, ina magonjwa chungu nzima na sura chache tu. Upele huu unafanana na ule, upara huu unafanana na ule. Halafu wapo wagonjwa wasio na sura ya ugonjwa kabisa. Nipe chumba chenye giza."

Wakaingia stoo, wakaziba kidirisha kwa gunia. Daktari aliwasha taa ndogo ya zambarau, akaiacha kidogo ipate nguvu, kisha akaanza kuyafunua manyoya ya Bibi Harusi tabaka kwa tabaka, kama mtu anayetafuta sindano kwenye zulia. Mwanzoni hapakuonekana kitu. Alipofika nyuma ya sikio, unywele mmoja ukawaka kijani. Kisha mwingine. Kisha kichaka kizima, shingoni na chini ya kidevu, pale pale ambapo mtoto alizoea kuweka shavu.

"Kama mishale ya saa za zamani gizani," mzee akanong'ona.

"Choa," daktari akasema. "Fangasi. Kwa mtoto kichwani ndiyo hayo mapunye. Paka wa manyoya marefu anaweza kuubeba ugonjwa huu bila kujikuna hata mara moja, huku anawagawia wenzake." Akang'oa nywele chache kwa kibano, akazitia kwenye bahasha. "Taa peke yake siiapii, nitazipeleka maabara. Ila kwa mtoto aliyekwisha kuumwa, matibabu tusiyangojeshe."

"Kikulacho ki nguoni mwako," mzee akasema polepole. Mama Dawa alishukuru kwamba stoo ilikuwa na giza.

Daktari hakuishia hapo. Aliomba blanketi alilokuwa akilalia Jirani, akalikung'utia juu ya pamba nyeupe iliyolowa maji. Zikadondoka punje nyeusi, ndogo kama pilipili manga iliyosagwa, na kila punje ikaanza kutoa wekundu wa kutu.

"Kinyesi cha kiroboto. Ni damu aliyoinyonya. Mzee, vipele vya paka wako vilianzia wapi?"

Mzee aligeuka, akajionyesha kwa mkono wake mwenyewe, kiunoni kwenda chini.

"Basi. Wapo paka ambao kiroboto akiwauma hata mara moja, mate yake yanawawasha mwili mzima. Ni mzio. Sijamwona, kwa hiyo siapi, na akirudi naye tutampitishia taa. Lakini mzio wa namna hiyo hauwezi kumtoa mtoto mapunye." Akamwekea mzee kichupa kidogo kiganjani. "Akirudi, mtie matone haya shingoni kwa nyuma, mahali asipoweza kujilamba. Na msije mkampaka dawa ya viroboto ya mbwa, itamuua."

"Akirudi," mzee akarudia, akakifumba kile kichupa kiganjani. Alikuwa na furaha ya mtu aliyeambiwa kwamba nduguye ana homa ndogo tu. Mama Dawa hakuweza kuitazama.

Kesho yake alirudi soko la nafaka, akapekua kila uchochoro wa maghala mpaka vumbi la mahindi likamjaa kooni. Muuza maharage mmoja ndiye aliyemhurumia.

"Yule mwenye mgongo mbovu? Alikuwa hapa hapa, kwenye boksi lake. Kila pikipiki ikisimama, anainuka."

"Sasa yuko wapi?"

"Wapakuzi walimfukuza. Walisema ana ugonjwa, atawaambukiza." Akamkazia macho. "Wewe si ndiye uliyemleta?"

Mama Dawa akageuka kurudi. Wahenga walisema majuto ni mjukuu, wala hawakusema kwamba mjukuu mwenyewe huja kwa miguu, kutoka sokoni hadi nyumbani, jua kali, mikono mitupu. Alimkuta mzee kizingitini, akaketi karibu yake, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu mzee ahamie.

"Baba, Jirani hakutoroka. Nilimpeleka mimi. Nimekwenda kumtafuta, sikumpata."

Mzee alikiokota kile kitana kibovu.

"Alilia?" akauliza.

"Hakulia. Alitulia tu kwenye katoni. Aliniegemea mkono."

"Alikuzoea," mzee akasema. Akainuka, akaingia ndani.

Heri angemtukana. Walikwenda sokoni pamoja mara kadhaa, mzee akigonga sahani ya bati kwa kijiko kati ya magunia, na watu wakicheka. Hawakuambulia kitu. Majibu ya maabara yalikuja yakiunga mkono taa. Bibi Harusi alinyolewa, akapewa vidonge, akaogeshwa kwa dawa ya kiberiti inayonuka mayai viza hadi nyumba nzima ikawa haina pa kupumulia. Mashuka yalifuliwa kwa maji ya moto, nywele zilifagiliwa kila kona, na mtoto alipewa vidonge alivyoandikiwa hospitali. Taratibu, pale penye duara pakaanza kuota nywele changa. Mama Dawa alizipapasa kila asubuhi, na kila asubuhi furaha yake iliishia njiani.

Kwa maana mzee alikuwa amegeuka mgeni. Aliomba maji badala ya kuchota. Alishukuru kwa kila sahani, kwa maneno kamili. Redio aliisikiliza kwa sauti ya chini hata hukujua kama imewashwa, na kikohozi kikimjia alitoka nje kwanza. Wageni waliokuja walimsifu Mama Dawa: mzee wako mtulivu, hana usumbufu. Sifa hizo zilimchoma kuliko lawama.

Siku moja alipita kidirishani kwake mwenzake wa kazi, mwenye duka la dawa kule karibu na stendi.

"Mzee wako hajambo? Maana kaja kwangu mara mbili kununua krimu ya fangasi. Nikashangaa, nikadhani wewe umeishiwa."

Mama Dawa alifunga duka mchana ule ule, wateja wakiwa kwenye foleni. Mlango wa chumba cha mzee ulikuwa umerudishwa. Akausukuma. Mzee alikuwa kitandani, shati limekunjwa mpaka begani, na mkononi mwake, juu ya kiwiko, palikuwa na duara jekundu upana wa kisosi, katikati pameanza kupona na ukingoni bado pamevimba. Alipomwona binti yake, alivuta mkono wa shati upesi, kama mtoto aliyefumwa na sukari.

"Baba! Tangu lini?"

"Siku nyingi kidogo."

"Na mimi nauza dawa hapo hapo! Unakwenda mpaka stendi na miguu hiyo? Kwa nini hukuniambia?"

Mzee alitafuta kifuniko cha tyubu kwenye shuka, akakizungusha mpaka kikakaza.

"Sikutaka uone, mama. Nilitaka nipone kwanza."

Aliyasema hayo kwa upole, bila kinyongo chochote, kama mpangaji anayeeleza sharti la nyumba aliyopanga.