Vigae vya Omukatoma

"Nyasi! Nyasi ndizo zilizoniangusha, siyo vigae!"

Rogasian alikuwa amesimama katikati ya chumba cha abiria, mkono mmoja kiunoni, mwingine umeshika kitabu cha tiketi kilichochafuka tope. Yeye ndiye wakala wa magari pale stendi ya Omukatoma, mtu mzima wa miaka arobaini na mitano, na suruali yake ya kaki ilikuwa na doa jekundu makalioni.

"Nateleza mbele za watu kama senene kwenye kikaango," aliendelea, "halafu huyu bibi ananiambia pole!"

"Sasa nikuambie nini?" Costansia alimjibu bila kuinuka kwenye kigoda chake. "Hongera?"

Watu waliokuwa wakichungulia mlangoni wakacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu nilijua anakoelekea Rogasian, na kweli akanigeukia.

"Mama Kaijage, ulisema mwenyewe. Siku ya kufungua chumba hiki ulisimama pale mlangoni ukasema kuanzia leo hakuna nyasi ndani, na atakayetandika atapoteza nafasi yake stendi. Sasa ametandika. Mwenyekiti wa kamati ni nani, wewe au yeye?"

Ni kweli nilisema. Na lile la kupoteza nafasi niliongeza mimi mwenyewe, halikuwa kwenye maazimio ya kamati. Sipendi amri isiyo na meno.

"Bibi Costansia," nikasema, "umetandika?"

"Unaziona, mwanangu. Hazikujileta."

Nafasi yenyewe ilikuwa kona ya kushoto ukiingia, upana wa mkeka mmoja. Hapo Costansia aliuza chai na kahawa ya kutafuna iliyofungwa kwenye majani ya mgomba. Watu wake walitoka Rwanda zamani wakawa vibarua wa mashamba huku Kyerwa, naye hakuwahi kupata shamba la kwake. Kona ile ndiyo ilikuwa shamba lake. Kumwondoa pale ni kumwambia asile.

Yeye na stendi walianza pamoja. Mimi nilipohamia kutoka Muleba na kufungua duka la pembejeo ng'ambo ya barabara, Omukatoma ilikuwa nguzo nne na paa la nyasi, na abiria wa Kayanga na Bukoba walikaa juu ya mikungu yao ya ndizi. Sakafu ilikuwa udongo. Kila Jumatatu na kila Alhamisi ya gulio Costansia alikuja alfajiri na mzigo wa nyasi kichwani, akafagia zilizochakaa, akatandika mbichi, kama nyumba yoyote ya huku inayotarajia wageni. Hakuna aliyemtuma. Alipoulizwa alisema mgeni hapokelewi juu ya udongo mtupu.

Upepo uling'oa lile paa, tukaweka mabati. Akatandika chini ya mabati. Mimi nina diploma ya maendeleo ya jamii na siwezi kutazama kitu kibovu kila siku nikanyamaza, kwa hiyo niliunda kamati. Tukapata mabenchi mawili ya mkaratusi. Mwaka uliofuata tukachimba choo cha matundu mawili, na ilibidi nigombane na wanaume watatu waliotaka kiwe karibu na wauza nyama. Likaja tangi la maji ya mvua, likapasuka, tukaweka la pili juu ya msingi wa mawe kama nilivyosema tangu mwanzo. Ikaja taa ya sola. Mwaka huu, chumba cha matofali chenye madirisha, na vigae.

Vigae nilivichagua mimi. Vijana wa Omukatoma wanaofanya kazi Mwanza walijitolea kuvileta, wakaniuliza vya aina gani. Sikuuliza mtu. Nilisema vyeupe, vyenye kung'aa, vyenye ua la bluu katikati. Dastan, fundi wetu, alipofungua boksi la kwanza alikuna kichwa akasema, "Mama, hivi si vya ukutani?" Nikamwambia afanye kazi. Vilipomalizika kuwekwa nilisimama barabarani dakika nzima nikivitazama tu. Hakuna stendi kama ile kutoka Kimuli mpaka Bugomora.

"Kwa nini umetandika?" nilimuuliza Costansia. "Vigae vinafagiwa, vinadekiwa. Nyasi za nini?"

"Ili watu waingie."

"Kwani hawaingii?"

Akafungua fungu moja la kahawa, akaninyooshea punje mbili, kama mtu anayempa mgeni. "Gari la saa tatu bado. Wewe una macho. Kaa."

"Anakuchezea huyo," Rogasian alisema.

"Nyamaza, Rogasian. Bibi, zifagie kwanza. Nataka chumba kiwe kama nilivyokipanga, kisha nitakaa."

Alifagia zote. Dastan, aliyekuwa anapiga rangi milango ya choo, alikuja na tambara akafuta alama ya mguu wa Rogasian iliyochorwa sakafuni. Vigae vikang'aa tena. Nilikaa benchi la mwisho na kahawa yangu mdomoni na, nasema ukweli, niliridhika. Uamuzi ulikuwa tayari kichwani. Amri ni amri. Ningemtafutia Costansia mahali pengine, labda kwenye baraza ya duka langu, na mambo yangeisha.

Mvua ya usiku ilikuwa imekatika lakini njia zote zilikuwa tope. Wa kwanza kuja alikuwa Mzee Byarugaba na mfuko wake wa maharage. Alifika mlangoni, akatazama ndani, akatua mfuko. Kisha akaegemea ukuta, akavua gambuti la kulia. Akavua la kushoto. Akayapanga vizuri chini ya dirisha na kuingia miguu mitupu, akitembea kwa uangalifu kama mtu anayepita kwenye mayai.

"Shikamoo, mzee," nikasema.

"Marahaba, mwenyekiti. Pamependeza."

"Mbona umevua?"

Alinitazama kama nimeuliza mbona anapumua. "Na tope hili?"

Wakaja wanawake wawili wa Bugomora. Mmoja akavua kandambili, mwingine magambuti mekundu. Akaja mwalimu, akavua viatu vya kamba, akatia soksi ndani yake. Wakaja wengine watano kwa pamoja, wakavua yeboyebo. Wawili hawakuingia kabisa, walisimama nje chini ya michirizi ya bati, mmoja ana mtoto mgongoni. Nilipowaita ndani walisema hapana, mama, tutakuchafulia. Walisema *tutakuchafulia*. Kana kwamba ni sebule yangu.

Nilimtazama Costansia. Alikuwa anamimina chai.

Wa mwisho kuja alikuwa Nyirabahire, binti anayelima kwa watu kule mteremkoni, mimba yake ya miezi minane mbele yake kama ngoma. Alishika fremu ya mlango na kuanza kutafuta kiatu chake kwa mkono, maana hakukiona. Niliinuka.

"Usivue. Ingia hivyo hivyo."

"Hapana, mama."

"Nakuambia ingia. Hii ni stendi!"

"Ndiyo, mama. Nzuri mno." Na akavua. Ilimchukua muda mrefu kuliko inavyonichukua kuandika hivi.

"Unakwenda wapi?"

"Kliniki. Walinipangia Alhamisi iliyopita."

"Alhamisi iliyopita hukwenda kwa nini?"

Akatazama chini, kwenye ua la bluu. Costansia ndiye aliyejibu, kwa sauti ya chini ili watu wote wasisikie, lakini chumba chenye vigae hupeleka sauti kila mahali.

"Gari lilimwacha akivaa viatu, mwanangu. Na juzi liliwaacha watatu. Ndiyo maana nikatandika. Nilisema wakiona nyasi watajua ni mahali pa wageni, wataingia na viatu vyao."

"Na mimi nikaanguka!" Rogasian akasema.

"Ukaanguka. Hilo sikulijua. Kwenye udongo nyasi hushika. Kwenye hivi," akagusa sakafu kwa kidole gumba cha mguu, "hukimbia na mtu."

"Kwa nini hamkuniambia?" niliwauliza wote, na nilisikia sauti yangu ikipanda. "Duka langu liko pale. Hatua ishirini!"

Mzee Byarugaba akakohoa. "Mwenyekiti, ulivyokuwa unavitazama siku ile pale barabarani… Nani angekuja kukuambia?"

Hapo hapo honi ikalia.

Kosta ya saa tatu haijawahi kusubiri mtu. Inasimama, konda anapiga ubavu wa gari mara mbili, inaondoka. Chumba kizima kiliruka. Watu kumi walitaka kutoka kwenye mlango mmoja, kila mmoja akitafuta chake chini ya dirisha. "Hicho changu!" "Kaka, umevaa vyangu!" "Cha kushoto kiko wapi?" Mwalimu alipanda na soksi mkononi. Mzee Byarugaba aliondoka na gambuti lake moja na jingine jekundu la mwanamke wa Bugomora, ambaye alimfuata mpaka mlango wa gari akimpigia kelele. Nyirabahire alikuwa bado kwenye fremu, ameinama nusu, hawezi kushuka zaidi.

Konda akapiga ubavu mara mbili.

Nilitoka mbio nikasimama mbele ya gari, viganja juu ya boneti.

"We mama, unataka kufa?" dereva alitoa kichwa.

"Nataka usubiri."

"Nina muda wangu!"

"Na mimi nina diploma. Subiri."

Sijui diploma ilihusianaje, lakini alizima injini. Nilirudi mlangoni, nikapiga magoti kwenye tope na kumvalisha Nyirabahire viatu, kimoja kimoja, miguu yake imevimba kama yangu ilivyovimba nilipokuwa na mimba ya Kaijage. Rogasian alimshika mkono mpaka ndani ya gari, akamwinua kijana mmoja kwenye kiti cha mbele kwa kumtazama tu. Kwa hilo nampa sifa yake. Ana mdomo, lakini si mtu mbaya.

Gari lilipoondoka palibaki pea moja ya kandambili isiyo na mwenyewe, na gambuti moja la Byarugaba.

Rogasian alifuta mikono. "Haya, Mama Kaijage. Na lile la Costansia? Amri?"

Niliingia chumbani. Nilivua viatu? Sikuvua. Niliingia na tope langu lote mpaka katikati, nikageuka na kutazama alama nilizoacha. Ni kweli, moyo uliniuma. Hata mimi, mwenye chumba chake kama walivyodhani, niliona nimefanya kosa.

"Fundi Dastan!"

"Naam, mama."

"Chini ya hivi vigae kuna nini?"

"Zege la kawaida, na saruji ya kubandikia."

"Tukivitoa, sakafu itakuwaje?"

"Mbaya. Yaani itakuwa na makwaruzo, mashimo mashimo…"

"Itashika nyasi?"

Dastan akamtazama Costansia, kisha mimi. Akaanza kutabasamu. "Itashika hata mbuzi."

"Lete nyundo na patasi."

"Mama Kaijage!" Rogasian alisema. "Vigae vya vijana wa Mwanza? Vina wiki mbili tu!"

"Nilivichagua mimi. Vijana nitawaandikia mimi. Vile vitakavyotoka vizima vitakwenda ukutani chooni, huko ndiko kwao, na Dastan aliniambia siku ya kwanza. Vitakavyovunjika tutavimwaga pale mlangoni kwenye dimbwi, watu wapangusie viatu. Hakuna kitakachotupwa."

"Na atakayetandika nyasi?"

"Atandike. Jumatatu na Alhamisi. Na kona ni yake, na kamati ikikaa nitalisema hilo mbele ya watu kama nilivyosema lile la kwanza."

Dastan alinipa nyundo akiwa na mashaka. Nilichagua kigae cha kona ya kushoto, karibu na kigoda, nikaweka patasi kwenye ungio na kupiga. Hakikutoka. Nilipiga tena. Kipande kiliruka kikampata Rogasian kwenye kiatu.

"Leo mnaniua," alisema.

"Mwanangu," Costansia alisema, "unapiga kama mtu anayeponda karanga. Mpe fundi."

"Kaa kimya, bibi. Hiki cha kwanza ni changu."

Kwa pigo la tano ua la bluu lilipasuka katikati, nikaking'oa kwa vidole. Chini yake palikuwa na saruji ya kijivu yenye matuta, mbaya kama Dastan alivyoahidi. Hapo ndipo nilipompa nyundo. Alijua kazi yake: aliingiza patasi kwa ulalo, na kigae cha pili kilitoka kizima, cha tatu pia. Rogasian alikunja mikono ya shati na kuanza kuvibeba nje viwili viwili, akinung'unika kuhusu suruali yake, nami nikavipanga kwenye kivuli cha tangi. Mpaka saa nne tulikuwa tumefungua kona nzima na njia ya kutoka mlangoni.

Costansia hakusubiri imalizike. Alichukua nyasi alizokuwa amezifagia asubuhi, akazipekua akitoa zilizokanyagwa, na kuzitandika juu ya saruji, akizilaza upande mmoja kwa kiganja. Kisha akarudisha kigoda chake mahali pake.

Yule mwanamke mwenye mtoto mgongoni alikuwa bado chini ya michirizi, anasubiri gari la saa tano. Alichungulia mlangoni, miguu yake ikiwa na tope mpaka vifundoni.

"Karibu," Costansia akamwambia.

Aliingia na viatu vyake, akakaa, akaomba chai.