Kadi ya Nesi Safia

Asubuhi ya tarehe mosi Januari, wakati watu wengi wa Pasiansi bado wanalipia usingizi wa mkesha, Safia Seif alikaa mezani akajifungulia kadi ya kliniki. Ilikuwa kadi ya wajawazito, moja kati ya chache zilizobaki kabatini tangu astaafu ukunga, na hakuona sababu ya kununua daftari wakati karatasi nzuri yenye mistari ipo. Jina akaandika. Umri akaandika, miaka sitini na minane. Penye mimba ya ngapi akapiga mstari mrefu, maana utani nao una mipaka. Dalili za hatari aliziacha kama zilivyochapwa, kwa kuwa kuvimba miguu, kuhema na kizunguzungu yalikuwa mambo yake pia. Chini kabisa, kwa mwandiko wa kinesi, akaandika: Kutembea dakika thelathini bila kusimama, nyumbani hadi mwaloni, kule ziwani penye mitumbwi ya dagaa, na kurudi. Mwisho, kabla ya mfungo wa Ramadhani.

Halikuwa lengo la kujifurahisha. Mwezi Septemba alianguka jikoni akiwa na mwiko mkononi, moyo umemgomea, akalazwa siku kumi na moja. Mwanawe wa pekee, Khalidi, aliyekuwa Dar es Salaam, alipata habari kwa simu ya jirani, na tangu siku hiyo simu yoyote kutoka Mwanza ilimtoa jasho kabla hajaipokea. Alipokuja kumwuguza mama yake alikuja na uamuzi tayari. Mama atahamia kwake Dar, ghorofa ya tatu. Chumba kipo, feni ipo, runinga ipo.

"Na watu wapo?" Safia akauliza.

"Mimi nitakuwepo, mama."

"Wewe unatoka saa kumi na moja alfajiri, unarudi saa mbili usiku. Hao wa katikati ndio ninaowaulizia."

Walivutana siku tatu, kwa adabu, kama wanavyovutana watu wanaopendana. Aliyewaamua ni Daktari Kashindye wa kliniki ya moyo, bila kujua kwamba anaamua. Alisema tu kwamba mgonjwa kama Safia, akifika mahali pa kutembea nusu saa mfululizo, anaweza kuishi kwake bila wasiwasi mkubwa. Aanze mwaka mpya, na dakika kumi, aongeze taratibu. "Na mwendo uwe wa kukuruhusu kuongea, bibi," akasisitiza. "Ukiona huwezi kumaliza sentensi, umezidisha."

Khalidi alilidaka neno la nusu saa. Atarudi wiki ya mwisho ya Februari, atashika saa mwenyewe. Mama akiweza, anabaki Pasiansi. Akishindwa, wanapanda ndege wote wawili. Safia akakubali papo hapo, akiamini kwamba wa kupambana naye ni moyo tu. Kumbe kulikuwa na shikamoo.

Miaka thelathini na minne alikuwa mkunga wa zahanati ya jirani. Nusu ya watu wa mtaa walio chini ya miaka arobaini walilia kilio chao cha kwanza mikononi mwake, na nusu nyingine ni mama zao. Watu wa namna hiyo hawapitani naye njiani kwa kupunga mkono. Wanatua ndoo, wanavua kofia, wanasema shikamoo kwa mikono miwili, naye lazima asimame, aitikie marahaba, aulize mgonjwa wa nyumbani na meno ya mtoto. Siku ya kwanza, Dorcas wa genge la mboga kwenye kona alimchukua dakika sita peke yake, na nne kati ya hizo zilikuwa za mguu wa mama mkwe.

Mayala alikuwa mbaya zaidi. Huyu alizaliwa kwa kutanguliza miguu, na mpaka leo ana haraka hiyo hiyo, kwenye bodaboda. Kila akimwona Safia barabarani anafunga breki.

"Nesi, panda nikupeleke. Bure."

"Natembea, mwanangu."

"Mtu mzima kama wewe kwa miguu? Watu watasema sisi watoto wako tumekutupa."

Kumweleza Mayala kwamba kutembea ni dawa kulichukua dakika tano, na kesho yake alikuwa amesahau.

Baada ya wiki mbili kadi ilisema dakika thelathini na tano, mara nyingine arobaini. Safia aliitazama akaona haya. Maisha yake yote aliwafokea manesi wanafunzi waliojaza kadi bila kupima, na sasa mdanganyifu alikuwa yeye. Siku iliyofuata alibandika kifuani ile saa yake ya kazini, akahesabu tu wakati miguu inakwenda. Zilipatikana dakika tisa, na mwaloni alikuwa hajauona hata kwa mbali.

Akaanza ujanja. Alitoka alfajiri, akakuta wanaume wanatoka msikitini na akina mama wanawahi dagaa, wote wachangamfu kuliko mchana. Akajaribu kuweka simu sikioni na kujifanya anazungumza. Hilo lilifanya kazi siku nne, akafika dakika kumi na tano. Siku ya tano simu ikalia hapo hapo sikioni, mbele ya genge, na Dorcas akaona.

Jioni ile ile maneno yakamrudia, kama yanavyorudi mtaani, kupitia mtu wa tatu. Nesi Safia ana maringo tangu augue. Nesi Safia anatukimbia. Safia hakula vizuri usiku ule. Alikuwa anakwepa kwenda Dar kusiko na mtu wa kumwamkia, na njia aliyoichagua ni kuwakosa wale wale aliotaka kubaki nao. Upumbavu wake ulimchoma, tena ulimchoma sana.

Aliyemfungua ni Queen, mke wa kinyozi, mimba ya kwanza, tumbo limefika kidevuni. Ilikuwa mwanzoni mwa Februari. Safia alikuwa anatembea, amejiandaa kusimama na kushindwa kama kawaida, Queen akamjia na shikamoo na maswali kumi. Kiuno kinauma, ni kawaida? Mtoto anacheza upande mmoja tu, ni kawaida?

"Tembea," Safia akasema, mkono wake umeshashika kiwiko cha yule binti. "Tembea huku unaniambia. Mtoto hashuki ukiwa umesimama."

Hakulifikiria neno hilo. Lilitoka lenyewe, kama lilivyotoka mara maelfu kwenye veranda ya zahanati, alipokuwa akiwatembeza wanawake huku na huko usiku na mchana, akiwasikiliza habari za waume, mawifi na mashamba. Miaka yote ile hakuna hata mmoja aliyemwona ana maringo. Queen akatembea, akaeleza, akacheka, akaeleza tena. Waliposimama, mbele yao palikuwa na maji ya ziwa, mitumbwi imevutwa mchangani, dagaa wanameta juu ya nyavu. Safia akaitazama saa ya kifuani. Dakika kumi na saba, na sentensi zake zote alikuwa amezimaliza.

Kuanzia hapo sheria ikatangazwa, na Dorcas ndiye aliyeitangaza kwa sababu genge lake halishindwi na redio. Shikamoo za Nesi zinapokelewa zote, ila miguu haisimami. Mwenye la kusema aongozane naye. Dorcas mwenyewe alikuwa akifunga kanga vizuri, anamwachia mteja mizani, anamsindikiza hadi kwenye nguzo ya umeme akimpa habari za mguu wa mama mkwe, halafu anarudi. Pale nguzoni anapokelewa na mwingine. Mayala alizima pikipiki akaisukuma kando yake hatua hamsini, akihema kuliko mgonjwa. Akina mama waliotembezwa wakati wa uchungu walifurahi kuliko wote, walimkumbusha alivyowakatalia kukaa. Kadi ikajaa namba za kweli: kumi na tisa, ishirini na mbili, ishirini na sita. Safia alikuwa na furaha ambayo hakuificha. Alirudi nyumbani kila siku na habari za mtaa mzima na njaa ya kweli.

Khalidi alifika Jumamosi ya mwisho ya Februari, amevaa raba mpya nyeupe, kitambi kimetangulia. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi alibonyeza saa ya simu mlangoni, wakaanza. Mtaa ulijua. Shikamoo zilikuja zikitembea, zikapokezana, na Khalidi aliyekuwa nyuma akageuka kuwa mtu wa kujibu salamu za mama yake zilizomwagika. Mwaloni waligeuza dakika ya kumi na tano kasoro. Kwenye mpando wa kurudi Safia alipunguza mwendo kidogo, akajipima kwa kumsimulia mwanawe mapacha wa mwaka wa mvua nyingi, akaimaliza hadithi bila kukata pumzi.

Dakika ya ishirini na nne walifika nyumbani kwa Bernadeta.

Alikuwa amekaa barazani peke yake, kitambaa cheusi kichwani. Mumewe, Revocatus fundi seremala, alifariki wiki tatu zilizopita, wakaenda kumzika kwao Ukerewe, na Bernadeta alikuwa amerudi jana yake jioni. Safia hakuwahi kumpa pole. Bernadeta alimwona, akajua habari za saa kama mtaa mzima ulivyojua, akapunga mkono kumwambia apite tu.

Khalidi naye akasema kwa sauti ya chini, "Zimebaki sita, mama. Utarudi baadaye."

Shikamoo inaweza kutembea. Pole haitembei. Safia alijua anachokiacha: mlango wake, mwarobaini wake, genge, kelele zote zile. Alikijua chote, akasimama.

Alisikia Khalidi akibonyeza simu. Akapanda barazani, akakaa, akaushika mkono wa mwenzake, akampa pole. Halafu walilia kidogo, wote wawili.

"Benchi alilolichonga bado lipo pale zahanati?" Bernadeta akauliza.

"Lipo. Linakaliwa na wajukuu wa niliowakalisha mimi, na halijawahi kulia hata mguu mmoja."

Bernadeta akatabasamu, mara ya kwanza pengine kwa siku nyingi. Walikaa robo saa. Kisha Safia akaweka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono wake, macho kwenye saa ya kifuani, akahesabu mapigo ya moyo kama alivyohesabu ya wengine. Akaridhika. Akasimama, akajikung'uta baibui.

"Khalidi, anza upya."

"Mama, umeshatembea ishirini na nne. Inatosha, tutazungumza."

"Tulisema bila kusimama, nami nimesimama. Hizo zimefutika. Weka sifuri, tunarudi mwaloni."

Bernadeta akajifunga kanga yake juu ya gauni. "Nakuja," akasema. "Nimekaa mno."

Wakashuka tena ziwani, wanawake wawili mbele, taratibu, wakimzungumzia Revocatus: randa yake, ubishi wake, siku aliyopima mlango wa zahanati akiwa na homa, ukatoka mfupi kwa inchi mbili. Bernadeta alicheka mpaka akashika mbavu, lakini hakusimama. Wakageuza, wakapanda. Barazani kwake Bernadeta hakuingia, akapitiliza naye. Nyuma yao pumzi za Khalidi zilisikika wazi, na zile raba hazikuwa nyeupe tena.

Getini kwa Safia dakika zilikuwa ishirini na nne. Khalidi akashika nguzo kwa mikono miwili.

"Imetosha, mama. Nimeona."

"Bado sita." Akanyoosha mkono, akaichukua simu ya mwanawe, akaendelea na Bernadeta.

Walikwenda hadi kwenye genge, wakazunguka, wakarudi. Marahaba, mwanangu. Marahaba, mama yako ameamkaje? Dorcas, huo mchicha niwekee, na huo mguu ukandwe kwa maji ya moto, nimesema tangu Januari. Saa ilipofika thelathini alikuwa katikati ya sentensi, akaimaliza kwanza ndipo akaitazama.

Khalidi alikuwa ameketi juu ya jiwe la getini, macho mekundu. Akasema ni jasho, na mama yake akamwachia liwe jasho.

"Nilikuwa nakusikia njia nzima," akasema. "Sauti haikukatika hata mara moja." Akajifuta uso. "Mimi niliogopa, mama. Sikutaka kukutoa kwako. Niliogopa tu."

"Najua," Safia akasema, akamshika kichwa. "Na mimi niliogopa."

Waliingia ndani, wakanywa chai isiyo na sukari, ambayo Khalidi aliinywa kwa kulazimika. Safia akafungua kabati akatoa kadi nyingine. Jina akaandika. Umri, arobaini na minne. Uzito wakati wa kuzaliwa hakuhitaji kuuliza, kilo tatu na gramu mia sita. Uzito wa sasa akaacha wazi, mwenyewe anajua. Penye maoni akaandika: Dakika kumi kila siku, aweze kuongea.

"Hiyo nitakwenda nayo Dar," Khalidi akasema.

"Nakala utakwenda nayo. Kadi inabaki kliniki ulikoandikishwa."

Akageuza ukurasa, akatafuta mstari wa tarehe ya kurudi, akaandika Idi. Halafu akaipanga kabatini, juu ya ile yake.