Nafasi ya Kumi na Mbili

Saa tatu na dakika kumi asubuhi roboti kumi na moja walisimama kwenye gati la Kigoma, kila mmoja na mfuko wake wa saruji, wakimngoja wa kumi na mbili. Wa kumi na mbili hakuwepo, maana kampuni ilinunua kumi na moja. Meli ya Bujumbura ilikuwa inaondoka saa nne kamili, na Erasto, msimamizi wa upakiaji, alikwisha kuitazama saa yake mara nne.

Eufrasia, aliyewaandikia programu, alifungua kompyuta akaliona kosa lake mwenyewe. Kabla makuli hawajaachishwa kazi, alikaa nao wiki mbili akitazama wanavyosaidiana, akaichukua sheria yao kama ilivyo: hakuna anayepiga hatua mpaka wa mwisho aseme "haya." Akachukua na orodha ya kundi, majina kumi na mawili. La mwisho lilikuwa la Nuhu, aliyekufa Machi, mifuko ilipomporomokea siku walipopewa nusu saa kwa kazi ya saa nzima. Kulifuta ilikuwa kubonyeza mara moja tu.

Kabla hajabonyeza, Nuhu alifika, shati limejaa saruji. Aliomba radhi kwa kuchelewa, akabeba mfuko, akasimama mwisho wa mstari.

"Haya," akasema.

Roboti wakaenda, na meli ikaondoka kwa wakati.

Kesho yake alikuja tena, na kesho kutwa. Mlinzi alimlalamikia tu kwamba hana kitambulisho. Mkewe Mwamini, anayeuza uji na chapati nje ya geti, akaanza kumwekea chapati mbili. Nuhu alizishika mpaka zikapoa, akamrudishia, naye Mwamini akazila njiani akirudi nyumbani Rusimbi.

Mwamini alikuwa na jambo moja moyoni. Barua ya kampuni ilisema mumewe alikufa akiwa nje ya zamu, kwa uzembe wake. Mtu aliyebeba mizigo miaka kumi na tisa, homa haimlazi, leo aitwe mzembe mbele ya wanawe! Inauma, wala hakuna namna nyingine ya kulisema. Mwamini alitaka barua isahihishwe, basi.

Alipokwenda kwa Eufrasia, binti huyo akamwamkia shikamoo na kumpisha kiti. Mwamini akauliza kama ni kweli mashine zinaandika nani yuko kazini, na saa ngapi. Eufrasia akasema zinaandika kila kitu. Wakarudi nyuma pamoja mpaka Machi, ingawa Machi roboti walikuwa bado kwenye masanduku. Siku ile ilikuwepo. Nuhu, kazini, saa nne na dakika ishirini. Muda uliotolewa: nusu saa.

Wakaichapa wakampelekea Erasto, naye akaisoma karatasi mara mbili. Si mtu mbaya, ana adabu zake, hata alimwagizia Mwamini soda. Kuhusu barua alisema imekwisha kutiwa sahihi na wakubwa, haifunguliki. Lakini karatasi ile ilimfurahisha kwa upande mwingine, kwa kuwa ilionyesha Nuhu ni mtu wa kutegemewa. Akachukua kalamu akamwingiza kwenye zamu, Jumatatu hadi Jumamosi. Na kwa kuwa kundi sasa limetimia, akapunguza muda wa kupakia uwe nusu saa.

Jumatatu Nuhu aliwahi. Mifuko ilikuwa imepangwa juu kupita kimo chake, naye akaitazama kidogo, kisha akaenda kusimama mahali pake. Eufrasia alimfuata Mwamini getini na kompyuta yake mkononi, macho yamemwiva. Akamwambia anaweza kulifuta lile jina sasa hivi, ili mzee apumzike.

Mwamini aligeuza chapati iliyokuwa jikoni, akangoja iive upande wa pili.

"Usilifute, mwanangu," akasema. "Ukilifuta, watasema si unaona, hakuwepo kazini."

Eufrasia akaifunga kompyuta. Kutoka gatini walimsikia Nuhu akisema haya, na miguu ya chuma ikaanza kutembea.