Finjani Iliyobaki Imejaa

Rudaina alikuwa amefundishwa kutambua kisichokuwepo. Muda wote wa mafunzo ya ukaguzi wa usalama wa mifumo, kule Amman, mwalimu wake, Mhandisi Taghrid, aliwakumbusha wanafunzi kwamba mlango uliovunjwa huonekana na kila mpita njia. Kazi ya mkaguzi ni kuligundua lile kufuli ambalo watu wote wanaapa kuwa lipo, kumbe halipo. Hata hivyo, alasiri ile ya Alhamisi, nyumbani kwao Tafila, Rudaina hakugundua kwamba sebuleni kulikuwa kimya. Wazee walikuwa wameingia, salamu zimekwisha, na kaka yake, Qusai, amepita na dele la kahawa. Lakini mlio wa finjani zikirudishwa kwenye sinia haukusikika. Yeye alikuwa chumba cha ndani, ameinamia ripoti yake, akidhani wageni wamekuja kwa habari ya posa ya Qusai.

Qusai akachungulia mlangoni, dele bado mkononi.

"Wewe andika tu, bibi mkubwa. Hao hawakuja kwa ajili yangu. Wamekuja kwa ajili yako."

"Kuniposa?"

"Afadhali ingekuwa hivyo! Hajj Dhiab ameiweka finjani chini. Hata kuinusa hajainusa."

Vidole vya Rudaina vikasimama juu ya vibonye. Katika nyumba za Tafila, mgeni mwenye ombi zito huipokea kahawa, kisha huiweka mbele yake bila kuionja. Mwenyeji humuuliza ana shida gani. Akishasikia, akamwambia, "Kunywa kahawa yako," ombi limekubaliwa, na hakuna wa kulirudisha nyuma. Kumwacha mgeni aondoke na finjani imejaa ni aibu ambayo watoto wa nyumba hiyo hutaniwa nayo mpaka nao wapate watoto.

Hajj Dhiab alikuwa mwenyekiti wa bodi ya hospitali ndogo ya ushirika, iliyoko nyuma ya soko la mboga. Huko ndiko Rudaina alikopangiwa ukaguzi wake wa mwisho, ule ambao bila huo hapati cheti. Na huko alikuwa ameikuta hoja moja iliyozizidi nyingine zote kwa uzito.

Alikuwa amemwomba kila mfanyakazi amwonyeshe jinsi anavyoingia kwenye mfumo wa kompyuta. Muuguzi aliandika jina la mkurugenzi, Daktari Nawwaf, na nywila yake. Mhasibu akaandika jina lilelile. Mtu wa maabara vilevile. Mlinzi wa getini, ambaye siku za Ijumaa hupokea simu za miadi, naye aliingia kama Daktari Nawwaf, tena kwa kidole kimoja na kwa fahari kubwa. Kwa mujibu wa kumbukumbu za mfumo, daktari huyo hakuwa amelala tangu mwaka uliopita: alfajiri anapanga miadi, dakika hiyohiyo anapima damu, anauza dawa ya kikohozi na kuagiza mafuta ya jenereta.

Haikuwa hila. Mfumo ulipoletwa, Daktari Nawwaf aliwaambia watu wake kwamba wao ni familia moja, na ndani ya familia hakuna kufungiana milango. Kumpa kila mtu nywila yake peke yake kungekuwa sawa na kumwambia mwenzako usoni: sikuamini. Wafanyakazi walimpenda kwa neno hilo.

Kisha siri ya mgonjwa ikatoka. Msichana mmoja wa mjini alikuwa na ugonjwa ulioandikwa katika faili lake. Habari ikawafikia wakwe watarajiwa, na uchumba ukavunjika. Daktari Nawwaf alimsimamisha kazi Itidal, karani wa kumbukumbu, kwa sababu meza yake ndiyo iliyo karibu na kompyuta ya mafaili. Itidal alikaa nyumbani, na wanawake wa mtaa wakaacha kumsalimu. Uamuzi wa mwisho wa kumfukuza ulisubiri ripoti ya ukaguzi.

Na ripoti ya Rudaina, ambayo mkurugenzi alikwisha kuonyeshwa rasimu yake, ilisema hivi: kwa kuwa watu wote hutumia jina moja, hakuna awezaye kujua ni nani aliyelifungua faili lile, na aliyeamuru jina hilo moja litumike ni mkurugenzi.

Baba yake, mzee Mifleh, alimkuta ukumbini. Alikuwa amefunga kilemba chake vizuri.

"Binti yangu, wanaomba jambo dogo. Hoja moja tu uiondoe. Nyingine zote ziache."

"Moja ipi, baba?"

"Unaijua."

"Na Itidal?"

"Nawwaf anasema atamlipa stahili zake, aondoke kwa heshima."

"Aondoke kwa heshima kwenda wapi? Dukani hapati hata salamu."

Mzee Mifleh akashusha sauti. "Rudaina, katika nyumba hii hakuna finjani iliyowahi kuondoka imejaa. Si kwa babu yako, si kwangu. Nikwambie nini zaidi?"

"Usiniambie kitu, baba. Niache niingie."

"Kuna wanaume mle."

"Ripoti ni yangu, nao wamekuja kuiomba. Wangetaka mtu mwingine wangekwenda nyumba nyingine."

Akaingia. Hajj Dhiab alikuwa ameketi mahali pa heshima, fimbo mapajani, na finjani mbele yake juu ya meza ndogo. Daktari Nawwaf alikuwa pembeni yake, suti ya kijivu, tabasamu la mtu anayejua kwamba kazi imekwisha.

"Karibuni, ami Dhiab," alisema Rudaina. "Umemwomba baba kitu ambacho hana."

Mzee akaisogeza finjani kwa ncha ya kidole mpaka ikawa mbele ya Rudaina. "Haya. Basi nakuomba wewe."

"Sitaweza."

"Amman ndiko walikokufundisha kuwaacha wazee na kiu?"

"Kiu nitaiondoa sasa hivi, ami. Hiyo imepoa, nitakupikia nyingine, na iliki nitaongeza. Lakini hoja haitoki."

Mmoja wa wazee akaguna. Daktari Nawwaf alicheka kidogo. "Msameheni, wazee. Bado mwanafunzi. Anadhani dunia ni mtihani."

"Mtihani ni wangu, daktari," alisema Rudaina. "Anayehukumiwa ni Itidal."

Waliondoka bila kunywa. Mzee Mifleh aliwasindikiza mpaka kwenye gari, akarudi, akakaa mbele ya finjani ile iliyojaa, na siku nzima ya Ijumaa hakumsemesha binti yake. Msikitini, Qusai alisema, watu walimpa baba mkono haraka haraka, kama mfiwa ambaye hawajui amefiwa na nani. Rudaina aliyasikia hayo, akaenda kuifungua ripoti. Aliisoma hoja yake upya, neno kwa neno, akitafuta mahali alipomwonea mtu. Hakupaona. Akaongeza sentensi moja.

Jumapili asubuhi, siku ya kwanza ya kazi ya wiki, mzee Mifleh aliwasha gari bila kuombwa, akamfikisha hospitalini. Alipozima injini alisema, akitazama mbele, "Nitakungoja hapahapa."

Mkutano wa kufunga ukaguzi ulifanyika katika chumba cha bodi. Wajumbe walikuwepo, wafanyakazi walisimama ukutani, na Mhandisi Taghrid alikuwa ametoka Amman tangu alfajiri. Daktari Nawwaf, mwenyeji wa wote, alihakikisha kila mtu amepewa kahawa, kisha akamgeukia mwalimu.

"Mhandisi, mwanafunzi wako amejitahidi. Ila hiyo hoja ya akaunti ni ya kitoto. Iandikwe kwamba mfanyakazi mmoja alivujisha siri, na hatua zimechukuliwa. Mimi nitasaini papo hapo, naye atapata cheti chake."

"Ripoti ni ya mkaguzi," alijibu Taghrid. "Akikosea namsahihisha. Hapa sijaona kosa. Lakini ni kweli, Rudaina: asiposaini, muhula huu huna cheti. Lazima ulijue hilo kabla hujajibu."

"Nalijua."

Rudaina aliichukua finjani yake, akaiinua ili ionekane, kisha akaiweka mezani mbele ya Daktari Nawwaf. Hakuionja.

Muuguzi aliyesimama ukutani akaziba mdomo.

"Hii ni nini?" aliuliza Daktari Nawwaf. "Wanawake hawaweki finjani."

"Mimi ni mgeni wako, na hiyo ni kahawa yako."

"Wewe? Uliyemwacha Hajj aondoke na finjani imejaa?"

"Ndiyo, mimi. Nawe unaweza kuniacha vilevile. Ila ya kwangu utaiacha mbele ya watu hawa, na ombi langu watakuwa wamelisikia. Sahihi yako siiombi. Naomba Itidal arudi kazini kwake, na aliyemwondoa aseme hadharani kwamba hakuwa na ushahidi."

"Ushahidi upo! Faili lilifunguliwa!"

"Lilifunguliwa. Soma sentensi ya mwisho ya hoja."

Hakuisoma. Hajj Dhiab ndiye aliyenyoosha mkono, akavaa miwani na kuisoma kwa sauti, polepole: kwa mujibu wa kumbukumbu za mfumo, ambazo ndizo ushahidi pekee uliopo, aliyelifungua faili la mgonjwa ni Daktari Nawwaf.

"Kila mtu hapa anatumia jina langu!" alifoka mkurugenzi. "Haiwezekani kujua ni nani!"

"Ndivyo nilivyoandika," alisema Rudaina. "Nashukuru umekubali."

Mlinzi wa getini alianza kucheka, akageuza kicheko kuwa kikohozi. Hajj Dhiab yeye hakucheka. Alivua miwani, akamgeukia Nawwaf taratibu.

"Ulinipeleka nyumba ya watu. Uliniambia msichana amekosea hesabu za kompyuta. Kumbe nilikwenda kuiweka finjani yangu chini ili jina lako lisisomwe?"

"Hajj, jambo hili si kubwa. Kunywa kahawa yako, tutazungumza."

Hajj Dhiab aliishika finjani yake, ambayo nayo ilikuwa bado imejaa, akaiweka kando ya ile ya Rudaina. Zikagusana.

"Mwambie yeye kwanza."

Hakuna aliyeinua yake. Nje, gari la mzee Mifleh lilipiga honi mara moja, huenda kwa sababu ya mbuzi. Daktari Nawwaf alizitazama finjani mbili, akawatazama watu wa ukutani, waliokuwa familia yake. Shingo yake ilikuwa imeiva wekundu.

"Itidal atarudi," alisema. "Hatukuwa na ushahidi. Kunywa kahawa yako, binti Mifleh."

"Na mimi?" aliuliza Hajj.

"Nawe pia, Hajj. Kunyweni!"

Kahawa ilikuwa imepoa kabisa na uchungu wake umezidi. Rudaina aliinywa yote.

Itidal alirudi mezani kwake wiki hiyohiyo, na sasa kila mfanyakazi wa hospitali ile huingia kwenye mfumo kwa jina lake mwenyewe, mlinzi wa getini akiwemo. Daktari Nawwaf hakusaini. Rudaina alikipata cheti chake muhula uliofuata, baada ya kukagua kiwanda cha maziwa. Nyumbani kwa mzee Mifleh, mgeni anapoiweka finjani chini, mzee humuuliza kwanza anamwomba nani, na akiwa anamwomba binti yake, humwita sebuleni.