Shaba Nyingi Kidogo

Jana adhuhuri Tupokigwe alipitiwa na usingizi kwenye benchi la hospitali, mkoba mapajani, akisubiri kuitwa kutoa damu. Na ndoto aliyoiota hapo ni hii.

Lakini kwanza ijulikane alifikaje kwenye benchi hilo. Mdogo wake, Subilaga, alikuwa apasuliwe uvimbe wa tumbo kesho yake, na daktari alitaka chupa mbili za damu ziwe tayari. Ambakisye, mume wa Subilaga, alikuwa ameshatoa yake. Ya pili ilimsubiri Tupokigwe, naye alikuwa na karatasi mkobani iliyomnyima raha.

Mwezi uliopita watafiti walifika kwenye shule anayofundisha, wakapima damu za watu wazima wenye afya njema, walimu na majirani. Walitaka kujua wana kiasi gani cha yale madini ambayo mwili unayahitaji kwa chembe tu. Ambakisye naye alipimwa. Walipolinganisha karatasi zao, shaba ya Tupokigwe ilikuwa imezidi ya shemeji yake, na zinki yake ilikuwa chini. Mwisho wa karatasi zote mbili paliandikwa maneno yaleyale: ndani ya kiwango cha kawaida.

"Shemeji, sote tu wazima," Ambakisye alimwambia pale kwenye benchi.

"Tutakuwaje wazima sote na hatulingani? Mmoja wetu ana kasoro. Sitaki niitie kasoro hiyo kwenye mwili wa Subilaga."

Ambakisye akaenda kutafuta chai. Tupokigwe akaanza kupanga namna ya kuondoka bila kuonekana, na katika kupanga huko kichwa kikamwinamia.

Kwenye ndoto benchi ni lilelile, ila sasa liko katikati ya shamba la chai. Mbele yake umesimama mlango usio na nyumba. Juu yake pameandikwa KAWAIDA. Ni mpana kiasi cha kupitisha lori la chai, huku ng'ombe wawili wakitembea ubavuni mwake bila kuguswa.

Mlango unalindwa na mizani ya kliniki, ile ya kuning'iniza watoto.

"Toa yaliyomo," mizani inasema.

Tupokigwe anakohoa kwa adabu. Kwenye mkono wa gauni lake inatoka sufuria ya shaba, imejaa masizi, na nyuma yake linafuata bati la kuezekea.

"Mimi ni shaba yako," sufuria inasema. "Uniwie radhi kwa unene."

"Mimi ni zinki," bati linasema. "Walikupima saa ngapi?"

"Saa nane, baada ya chakula cha mchana."

"Ndiyo maana. Mtu akishakula, mimi huwa napungua. Ungenikuta alfajiri ungenisalimia kwa heshima."

Tupokigwe anaigeukia sufuria. "Na wewe, kwa nini umeizidi ya shemeji?"

Sufuria inafikiri. "Kwa wanawake huwa tunazidi kidogo, mara nyingi. Halafu kuna udongo, kuna maji, kuna vyakula, kuna ulivyozaliwa. Mimi sikupanga neno. Nilikuta nafasi, nikakaa."

Hakuna aliyepiga hatua, lakini sasa wote wamo katika ofisi ya walimu. Kwenye kiti cha mwalimu mkuu amekaa mtu aliyevaa kiatu kimoja cha kiume na kimoja cha kike. Sauti yake iko katikati.

"Naitwa Wastani," anasema. "Walichukua watu wazima mia mbili, wakawajumlisha, kisha wakawagawanya. Nikapatikana mimi."

Tupokigwe anashusha pumzi. Huyu ndiye aliyekuwa akimtafuta.

"Bwana Wastani, wewe ndiye uliye sawasawa. Nakuomba umpe mdogo wangu damu."

Bwana Wastani hahitaji kuombwa mara mbili. Anavua koti, anakunja mkono wa shati mpaka juu ya kiwiko. Mizani inaleta sindano na daftari.

"Kundi lako la damu?"

"O kiasi, A kiasi, B kidogo. AB ni chembe tu."

Mizani inaandika, inafuta, inaandika tena. Mwishowe inafunga daftari. "Mgonjwa wa kundi hilo hayupo."

Bwana Wastani anaukunjua mkono wa shati polepole na kufunga kifungo. "Huwa naja kila mwaka," anasema. "Wananipa soda, narudi."

"Huna ndugu?" Tupokigwe anamwuliza. Anamwonea huruma, kama mtu anavyomwonea huruma mgeni aliyeondoka bila kula.

"Watu wote wananikaribia. Hajafika hata mmoja." Anavaa koti lake. "Huyo mdogo wako, yeye ana shaba kiasi gani?"

"Sijui," Tupokigwe anajibu. Anakumbuka kwamba alimbeba Subilaga mgongoni miaka miwili, mama yao akiwa shambani, na hakuna siku aliyomwuliza swali hilo. "Sikuwahi kumpima."

Bwana Wastani anatikisa kichwa kama mtu anayesikia habari za nchi ambayo hatafika.

"Basi twende," sufuria inasema. Inamshika Tupokigwe mkono. Mshikio wake una joto, kama imeipuliwa sasa hivi. Ule mlango mpana umo kwenye ukuta wa ofisi, na wanaupita wakielemea upande wa kushoto. Mbali kule upande wa kulia Ambakisye anapita, anakula ndizi.

"Shemeji, huko upande wako mnapita?" anauliza.

"Tunapita."

"Na huku tunapita."

Kisha Ambakisye akamtikisa bega, maana kweli alikuwa amesimama mbele yake na kikombe cha chai. "Shemeji, amka. Wanakuita."

Tupokigwe aliinuka akaingia. Muuguzi akamwuliza kundi, akajibu ni O. Akaulizwa kama yuko tayari, akajibu yuko tayari. Muuguzi akamshika kidole amtoboe kwanza, apime wingi wa damu. Akakipangusa kwa pamba yenye spiriti, pamba ikawa nyeusi. Akachukua nyingine, nayo ikawa nyeusi.

"Mwalimu, umetoka jikoni?"

"Hapana. Nilikuwa kwenye benchi la hapo nje tangu saa mbili asubuhi."

Muuguzi akamfunua kiganja. Masizi yalikuwa yamekaa kwa mkunjo mmoja, kama wa mshikio wa sufuria, toka kidole gumba mpaka kidole cha mwisho.

"Sinki iko pale," muuguzi alisema. "Nawa, halafu uje ulale hapa."

Tupokigwe alikwenda akanawa kile kidole kimoja tu. Kisha akapanda kitandani, akanyoosha mkono.