Shati la Mlimani

Oleta alifungulia redio mpaka mwisho, ndipo akaanza kukata. Lilikuwa shati la bluu la mirabaraba, limefuliwa miaka nenda miaka rudi mpaka kitambaa chake cha flaneli kimelainika kama sikio la mbwa. Alikata mgongo, akakata mikono, kola akaitupa kapuni. Chumba cha pili mashine ya hewa ya kupumulia ilikuwa ikinguruma, na mwenye shati, Verlon mumewe, alikuwa amelala humo humo, yu macho.

"Makubwa haya, wifi!" Delphia, dada yake Verlon, alikuwa mlangoni na sufuria ya maharage. "Kaka yangu hajafa, nawe umeshaanza kumkata vipande?"

"Punguza sauti."

"Nipunguze mimi, na redio yako inabweka hivyo?"

Oleta akaweka mkasi chini. "Blanketi ulilomletea kalisukuma sakafuni. Anasema ni kama paa la mgodi limemwangukia. Mifarishi yote ya kujifunika katika nyumba hii ina pamba ndani, na kifua chake hakibebi pamba tena. Nataka kumshonea wa flaneli tupu, tabaka mbili basi. Ya dukani ngumu. Iliyochoka vizuri ni hii yake."

Vumbi la makaa ya mawe lilikuwa limemla Verlon mapafu kama lilivyomla baba yao, na baba naye alifia chini ya blanketi zito, akilia aondolewe. Delphia akaitua sufuria, akavuta kiti. "Haya, nipe hilo shati la kijivu."

Wakashona siku kadhaa, kiraka kwa kiraka. Kila Verlon alipouliza mashati yake, Oleta alisema yako kwenye nguo za kufuliwa, na kila aliposema alijichukia. Mwishowe ulikosekana mstari mmoja tu wa viraka, na nyumbani lilibaki shati moja: lile la kahawia lililoning'inia nyuma ya mlango, la kuwindia bata mzinga wa porini. Majira yote ya baridi Verlon alikuwa akisema, "Miti ikichipua tu, napanda mlimani." Kulikata lile ni kumwambia hupandi tena. Oleta hakuweza. Heri mfarishi uwe mfupi, miguu yake itokeze nje.

Asubuhi moja mume akaita. "Bibie! Niletee shati la mlimani."

Oleta akalitungua nyuma ya mlango, akalileta. Akamvalisha mkono mmoja, akangoja apumue, akamvalisha wa pili. Jamani, shati lilikuwa limemmeza mtu! Verlon akaketi kitandani akitazama dirishani, ambako miti ilikuwa imeanza kutoa kijani chembamba.

"Mfarishi wako umekwama wapi?" akauliza.

"Mfarishi gani?"

"Oleta." Akapumua. "Nimechimba makaa chini ya mlima huu nikisikiliza mwamba kabla haujaanguka. Leo nishindwe kusikia mkasi jikoni?"

Oleta akakaa ukingoni mwa kitanda, akalia waziwazi, aproni usoni. "Nisamehe, mzee. Sikutaka ujue."

"Nijue nini? Kwamba nakufa? Nilijua kabla yako, mama." Akaanza kufungua vifungo, vidole vikiteleza. "Nilitaka kulivaa mara moja tu. Haya, chukua. Ila mfuko usiukate."

Alilikata pale pale, mbele yake, redio ikiwa imezimwa. Walisikia wote wawili mkasi ukipita. Kipande chenye mfuko akakiweka katikati ya mstari ule wa mwisho, upande wa juu, usawa wa kifua, kisha akafunga vifundo vya uzi mwekundu wa sufu kila pembe ya kiraka, ili tabaka zisihame.

Alipomfunika, Verlon alifumba macho akasikilizia. "Hiki sasa ndicho kitu," akasema. "Sihisi hata kama kipo."

Mkono wake ukatambaa mpaka mfukoni, ukatoka na kifilimbi cha mfupa wa bawa, cha kuitia bata mzinga. Akakiweka mdomoni. Akajaribu, akajaribu tena. Ilitoka hewa tupu, kisha kikohozi kirefu.

Oleta akamfuta mdomo, akakitwaa kifilimbi, akapuliza yeye. Kililia vibaya mno, kama bawaba kavu.

"Lo! Umewafukuza wote mpaka kaunti ya pili," Verlon akasema, na mabega yakamtikisika kwa kicheko kisicho na sauti. "Polepole. Dume hapendi kukaripiwa. Rudia."

Oleta akafungua dirisha, akarudia, polepole. Kisha akarudi kuketi karibu naye, mkono juu ya ule mfuko, ambapo flaneli ilikuwa ikipanda kidogo na kushuka, na wote wawili wakangoja mlima uitike.