Mvua Iliyobeba Darasa Langu

Kabla sijafika shule hii ya Balambala nilidhani mwalimu huchoka akili. Kumbe huchoka miguu. Tangu asubuhi nasimama mbele ya darasa la tano, joto limekaa juu ya mabati, watoto wanasinzia mmoja baada ya mwingine, nami nabweka tu: nusu, robo, robo tatu. Kufikia wiki ya pili sauti ilikuwa imenikimbia, nadhani ilirudi kwetu Garissa mjini. Mimi niliyekuwa nachekesha chuo kizima, sasa nakula chapati nimefumba macho.

“Walaal, ndugu yangu, unaomba dua au unatafuna?” Shuaib huniuliza. Yeye pia yuko kwenye mazoezi ya kufundisha, tunaishi chumba kimoja. Hachoki, Mungu anisamehe, kwa sababu hafanyi kitu.

Kilichonikosesha raha ni Alhamisi. Siku hiyo Madam Kaltun, mkufunzi wetu, angekuja kunikagua nikifundisha. Asiponipitisha, narudia mazoezi yote mwakani. Kurudia! Afadhali nichunge fisi.

Jumatatu wazee waliitisha swala ya kuomba mvua, maana malisho yalikuwa yamekwisha kabisa. Shule nzima ikatoka uwanjani, mbuzi na punda wakafuata. Niliomba kwa moyo wote, wallahi, ila nia yangu ilikuwa fupi: hewa ipoe kidogo, watoto wasikorome mbele ya Madam.

Kesho yake jioni radi ikapiga upande wa Modogashe. Alfajiri Adeer Dubow, yaani Ami Dubow, babake Hani wa darasa langu, akatoka kwenda kutazama mvua imeangukia wapi. Mtu kama huyo akirudi na habari njema, watu wanahama. Hilo halihitaji chuo. Bibi yangu alihama hivyo maisha yake yote. Lakini uchovu ulikuwa umenila kichwa, nikaombea mvua wiki ya ukaguzi, na darasa langu lote ni watoto wa wafugaji.

Alhamisi niliingia darasani nikasalimia madawati.

“Dua imekubaliwa,” Shuaib akasema mlangoni. “Hongera, sheikh.”

Gari la Madam likaingia likiwa na matope hadi kwenye vioo. Akachungulia ndani. “Wanafunzi wako wapi, Guled?”

“Wanapakia ngamia, Madam.”

Akageukia gari lake. “Basi twende huko. Sijatoka Garissa nije kukagua viti.”

Tukawakuta kando ya laga, ule mkondo wa mto wa msimu. Mikeka, vyungu na miti ya nyumba vilikuwa vinapanda migongoni mwa ngamia, na ngamia wanalalamika kama walimu siku ya mkutano.

“Adeer, nipe watoto kidogo tu,” nikamwomba Dubow.

“Soma haraka, mwalimu. Ngamia yote ikifungwa, sisi naenda.”

Nikaegemeza ubao mdogo kwenye jerikeni. Sauti ilikuwa mnong'ono tu, kwa hiyo watoto wakasogea, kamba mikononi. Kwa mara ya kwanza hakuna aliyesinzia.

“Adeer Dubow ana ngamia kumi na wawili. Nusu yao?”

“Sita!”

“Abdiqani! Shika kamba!” mama mmoja akaita. Abdiqani akaenda.

“Robo yao?”

“Tatu!”

“Iftin! Njoo!”

Iftin naye huyo. Walinyofolewa hivyo hivyo mpaka akabaki Hani peke yake.

“Robo tatu?” nikanong'ona. Akafumba macho kuhesabu, babake akaita, “Hani!” naye akakimbia.

Msafara ukaanza kutembea. Madam Kaltun akafuta matope kiatuni.

“Hitimisho la somo liko wapi?”

“Limepanda ngamia, Madam.”

Hakucheka. “Guled, sijui kama wameelewa. Nikupitishe kwa kitu gani?”

Nilikuwa nataka kulala tu, hata hapo hapo matopeni. Ndipo sauti ikatoka mbali, juu ya mzigo wa mikeka:

“Mwalimuuu! Tisa!”

Nikafungua mdomo nimjibu. Haikutoka hata pumzi. Nikapunga ubao hewani, lakini Hani alikuwa bado amegeuka, anangoja, kila hatua anazidi kuwa mdogo.

Madam akanitazama, kisha akaweka viganja mdomoni.

“Sawa kabisa, Hani!” akapaza sauti. “Mwalimu anasema sawa kabisa!”

Hani akageukia mbele. Nami nikakaa chini matopeni, na suruali yangu ya ukaguzi.

“Umepita,” Madam akasema. “Inuka, unaniaibisha.”

“Naomba dakika moja, Madam,” nikanong'ona.

Akanipa.